Pampu ya joto kwenye hema la wagonjwa: gesi ibaki nje, maji yaingie ndani

Swali la msomaji: "Mimi ni fundi wa friji na viyoyozi hapa Goma. Shirika moja la afya limeniomba niwatafutie mashine ya kupasha joto usiku na kupoza mchana hema la wagonjwa la mita 6 kwa 9, hema ambalo huhamishwa kila kukitokea mlipuko wa ugonjwa. Nimesoma kwamba jeshi la Marekani linaendeleza pampu za joto za mahema, zinazokula mafuta kidogo na zenye gesi isiyoharibu mazingira. Je, zinatufaa huku kwetu? Na hiyo gesi ya propani ninayoisikia, kuiweka kwenye hema la wagonjwa si hatari?"

Ndugu fundi,

Zinatufaa, tena hapa Goma zitafanya kazi kwa wepesi kuliko kule zilikokusudiwa. Lakini usinunue mashine iliyotengenezwa kwa ajili ya jangwa la Iraki, na usikubali hata kidogo propani ipite ndani ya hema. Nitayaeleza yote mawili, na hilo la pili nitalikalia zaidi, maana linahusu roho za watu.

Kwanza tuelewe jeshi lilikuwa linatafuta nini. Hema la kijeshi ni kitambaa tu. Jangwani kwenye nyuzi joto 50 kitambaa hakizuii kitu, kwa hiyo walitundika kila hema mashine kubwa ya kupoza, na nyuma ya mashine jenereta, na nyuma ya jenereta msururu wa malori ya mafuta. Malori hayo yalishambuliwa njiani. Utafiti wa taasisi ya mazingira ya jeshi lao uliotoka mwaka 2009 ulihesabu kwamba Afghanistani, kwa wastani, katika kila misafara 24 ya mafuta mtu mmoja aliuawa au kujeruhiwa. Hapo ndipo kiyoyozi cha hema kilipoacha kuwa suala la starehe. Mwaka 2010 shirika la serikali yao linaloitwa ARPA-E likaanzisha programu ya BEETIT ya kugharimia njia mpya za kupoza majengo bila gesi chafu. Maabara ya Pacific Northwest ikafanyia kazi mashine inayoendeshwa na joto linalotupwa badala ya kompresa ya umeme. Chuo Kikuu cha Purdue kilikuwa kimekwisha kujaribu, kwa ajili ya jeshi, mashine inayotumia kaboni dioksidi kama gesi ya friji. Na huko Fort Devens, jimbo la Massachusetts, walijenga kambi mbili za mahema zinazofanana, kila moja ya watu 150, ili wajaribu kifaa kipya katika kambi moja na kulinganisha mafuta yaliyoliwa na kambi ya pili.

Sisi hatuna jangwa, lakini lori la mazutu, yaani dizeli, tunalijua. Barabara ikifungwa, bei hupanda siku hiyo hiyo, na jenereta ya hospitali haijui kwamba barabara imefungwa. Kwa hiyo swali lao na letu ni moja: tufanyeje ili hema liishi kwa mafuta kidogo?

Unajua kazi ya pampu ya joto, lakini wanaokuomba ushauri hawaijui, kwa hiyo nikupe mfano wa kuwaeleza. Hita ya umeme hutengeneza joto: umeme wa kilowati moja, joto la kilowati moja, basi. Pampu ya joto haitengenezi, inabeba. Inabeba joto kutoka hewa ya nje kuliingiza ndani usiku, na mchana hugeuza safari. Ni chukudu, ile skuta yetu ya mbao ya kubebea mizigo. Chukudu chenye magunia ya viazi kikishuka kutoka Kibumba kuja mjini hakimchoshi mwenyewe. Ukikigeuza akipandishe mlima na mzigo ule ule, utamkuta anavuja jasho na vijana wawili wanasukuma nyuma. Pampu ya joto nayo hulipa kwa kadiri ya mlima, na mlima wake ni tofauti ya joto kati ya pande mbili.

Sasa tazama mlima wetu. Usiku wa Goma huwa nyuzi 14 au 15, mchana 25 au 26. Ukitaka wagonjwa wawe kwenye nyuzi 22 usiku, gesi ndani ya mashine itachemka kwenye nyuzi 8 hivi na kurudi kimiminiko kwenye nyuzi 40. Tofauti ni nyuzi 32 tu. Mashine nzuri kwenye mlima huo hutoa kilowati 4 za joto kwa kilowati moja ya umeme. Mimi huwa nahesabu 3.5 ili nisimdanganye mteja. Jangwani mchana gesi hulazimika kupandishwa kutoka nyuzi 8 hadi 60 na zaidi, na mashine ile ile hushindwa hata kufikisha 2.5. Tena kwetu koili ya nje haigandi barafu, kwa hiyo zile dakika za kuyeyusha barafu zinazowasumbua Wazungu wakati wa baridi hazituhusu. Goma ni mahali pema mno kwa pampu ya joto, na nasikitika kuona bado tunapasha mahema kwa mbabula ya makala, yaani jiko la mkaa. Moshi wa makala unaouona si ule unaoua. Unaoua, yaani kaboni monoksidi, hauonekani wala haunuki, na hema lililofungwa vizuri dhidi ya baridi ndilo linaloukusanya. Makala yenyewe yanatoka kwenye msitu ule ule wa Virunga tunaoulilia.

Kabla ya mashine, hema.

Niliwahi kuitwa saa nane za usiku kwenye hema kama lako. Mashine kubwa ilikuwa inanguruma, jenereta inanguruma, na muuguzi amevaa koti. Niliagiza kamba, nikafunga vipimajoto vitatu, kimoja usawa wa kifundo cha mguu, kimoja usawa wa kitanda, kimoja karibu na mwamba wa juu wa hema, tukakaa robo saa. Chini nyuzi 17. Kitandani 20. Juu 31. Joto lote lililonunuliwa kwa mazutu lilikuwa limejazana kwenye paa linapitia kitambaa kwenda zake, na pale kitambaa kilipokuwa baridi, mvuke wa pumzi za wagonjwa ulikuwa unageuka maji na kudondoka kwenye blanketi. Mama mmoja alikuwa ameweka beseni kitandani, pembeni ya mtoto, kukinga matone. Beseni lilikuwa limejaa robo. Sijasahau sauti ya lile tone.

Hesabu yake ni hii. Hema la mita 6 kwa 9 lina kama mita za mraba 120 za kuta na paa. Turubai moja tupu hupitisha wati 5.5 kwa kila mita ya mraba kwa kila nyuzi moja ya tofauti. Kwa tofauti ya nyuzi 8 ni kilowati 5.3. Ongeza hewa inayopenya kwenye mianya, hema bovu hubadilisha hewa yake mara 6 kwa saa, hiyo ni kilowati 1.7 nyingine. Toa joto la miili ya watu 15, kila mtu ana wati 80 hivi, ni kilowati 1.2. Unabakiwa na hitaji la kilowati 5.8. Sasa vika hema kitambaa cha ndani chenye sufi au povu jepesi, cha kutundikwa kwa ndoano, kinachofikisha wati 1.5 badala ya 5.5, na ziba mianya mpaka hewa ibadilike mara 3 kwa saa. Hitaji linashuka hadi kilowati 1.1. Kwa usiku wa saa 10, na jenereta inayotoa kilowati-saa 3 kwa lita:

Turubai tupu na hita ya umeme hula lita 19 za mazutu. Turubai tupu na pampu ya joto, lita 6. Hema lenye kitambaa cha ndani na hita ya kawaida ya sokoni, chini ya lita 4. Hema lenye kitambaa cha ndani na pampu ya joto, lita moja na kidogo.

Rudia kuisoma mistari hiyo mbele ya waliokutuma. Kitambaa peke yake, na hita ya bei rahisi, kinaishinda pampu ya joto ya kisasa iliyofungwa kwenye turubai tupu. Wamarekani walilijifunza hili kwa gharama kubwa. Iraki walifika mahali pa kuyapulizia mahema povu gumu kwa nje, na mafuta yakapungua sana, ila hema likishapuliziwa povu halihami tena. Lako linahama, kwa hiyo chagua kitambaa cha kutundika. Kiwe cha kupanguswa kwa klorini, na kila kipande kiweze kutolewa na kufuliwa, la sivyo watu wa usafi watakikataa na watakuwa na haki. Sakafu nayo inue kwenye mbao au paleti, jiwe la lava lililonyeshewa hunyonya joto la miguu usiku kucha.

Mchana kazi ni ya jua zaidi kuliko hewa. Tuko karibu na ikweta, na adhuhuri ya mbingu safi paa hupigwa na wati zinazokaribia 1,000 kwa mita ya mraba. Tandaza kivuli juu ya paa, nusu mita kutoka kwenye turubai, upepo upite katikati. Hilo likifanyika, siku nyingi hutawasha upozaji kabisa. Utauhitaji kwa jambo moja hasa: wahudumu wanaovaa mavazi kamili ya kinga. Ebola ilipofika Goma Julai 2019 tuliwaona wakitoka wameloa kana kwamba wametoka ziwani, na mtu aliyechoka kwa joto hukosea anapovua glavu.

Tahadhari kuhusu ile hesabu ya hewa. Ikiwa hema ni la ugonjwa unaoenezwa kwa hewa, kama kifua kikuu, huna ruhusa ya kubana mianya. Kipimo kinachotumika ni hewa kubadilika mara 12 kwa saa. Hapo hitaji lako linapanda hadi kilowati 3.7 hata ukiwa na kitambaa cha ndani. Kwa sababu hiyo mimi ningechagua mashine ya kilowati 5 yenye inveta, inayoweza kushuka hadi kilowati moja na nusu, pamoja na tangi la maji la lita 100 la kuhifadhi joto ili kompresa isiwake na kuzima kila dakika tatu. Zile mashine za kijeshi za BTU 60,000 ni kilowati 17 na zaidi. Ukifunga moja kwenye hema lako itapuliza dakika mbili, itazima, unyevu utabaki palepale, na jenereta kubwa inayoilisha itashinda ikibeba mzigo mdogo mpaka ekzosi itoe masizi na mafuta mabichi. Nimeyaona hayo, na aliyeinunua aliamini kwamba kikubwa ndicho bora.

Sasa gesi, ambayo ndiyo uliyoiuliza kwa wasiwasi.

Viyoyozi vingi vilivyoko mjini bado vina R-22 au R-410A. R-22 inakula tabaka la ozoni na iko njiani kuondolewa. R-410A haigusi ozoni, lakini kilo yake moja ikivuja hupasha dunia sawa na kilo 2,088 za kaboni dioksidi. Mashine yenye kilo 1.2 ikimwaga yote ni tani mbili na nusu, sawa na kuchoma zaidi ya lita 900 za mazutu kwa tundu moja. Na mashine inayobebwa kwenye lori juu ya mawe ya lava huvuja, unajua wewe mwenyewe maungio yanavyolegea kati ya hapa na Sake. Ndiyo maana makubaliano yaliyofikiwa Kigali Oktoba 2016, mwendo wa saa chache kutoka hapa, yameweka ratiba ya kupunguza gesi za aina hiyo. Nchi nyingi za Afrika zimeanza na kikomo cha mwaka 2024, kisha punguzo la asilimia 10 mwaka 2029, na kuendelea hadi asilimia 80 mwaka 2045. Ukinunua mashine ya R-410A leo, unanunua kitu ambacho miaka kumi ijayo gesi yake itakuwa adimu na ghali.

R-32 ina nafuu kidogo, kilo yake moja ni sawa na kilo 675 za kaboni dioksidi. Propani, ambayo kwa jina la kifundi ni R-290, ni kama 3. Kaboni dioksidi ni 1 na haiwaki, lakini hudai mabomba ya kustahimili shinikizo linalopita baa 100, na joto likipita nyuzi 31 hupoteza nguvu. Kwa jangwa ni mzigo, kwa Goma ingevumilika, ila vipuri vyake hutavipata hapa. Inabaki propani: ufanisi wake ni mzuri, shinikizo lake linafanana na lile ulilozoea kwenye R-22, na mafuta ya kompresa ni ya kawaida. Kosa lake ni moja tu, inawaka.

Na hapa mtu wa Goma ana elimu ambayo mhandisi wa Ulaya hupaswa kuisoma kitabuni. Sote tumelelewa tukiambiwa usimwache mtoto acheze kwenye shimo lile, lina mazuku. Mazuku ni kaboni dioksidi inayotoka kwenye nyufa za volkeno na kulala mabondeni kwa sababu ni nzito kuliko hewa. Upande wa Bulengo na kando ya ziwa watu wamekwisha kukuta mbuzi wamekufa asubuhi wamelala chini, ilhali mtu mzima aliyesimama pembeni yao anapumua vizuri. Sasa sikiliza: uzito wa molekuli ya kaboni dioksidi ni 44. Wa propani ni 44. Wa hewa ni 29. Propani ikivuja polepole ndani ya hema lililotulia itafanya kile kile kinachofanywa na mazuku. Itateremka sakafuni na kutandaa chini ya vitanda kama maji yasiyoonekana.

Tuihesabu. Mashine ya kilowati 5 hubeba gramu 400 hivi za propani. Hema lako lina mita za ujazo 130. Gesi yote ikivuja na kuchanganyika vizuri, ni gramu 3 kwa mita ya ujazo. Kiwango cha kuanza kuwaka ni asilimia 2.1 ya ujazo, ambacho pwani ni gramu 38, na kwa mwinuko wetu wa mita 1,500, ambako hewa yote ni nyepesi, ni kama gramu 32. Kwa hiyo muuzaji atakwambia, ona, tuko mbali mara kumi. Lakini ilaze gesi hiyo hiyo kwenye sentimita 10 za chini, juu ya mita za mraba 54, utapata gramu 74. Kwenye sentimita 20, gramu 37. Zote zimevuka. Na huko chini ndiko kuliko na soketi za kuchajia rununu, waya wa jenereta, na kifaa cha kukusanya oksijeni kinachomlisha mgonjwa. Oksijeni ya ziada na propani na cheche ni vitu vitatu ambavyo sitavikubali chini ya paa moja, hata mtengenezaji akinionyesha cheti.

Kwa hiyo mashine iwe ya kipande kimoja: kompresa, koili na propani yote, vifungwe kiwandani ndani ya sanduku linalokaa nje, mita mbili au tatu kutoka hemani. Kinachoingia hemani ni maji, ya uvuguvugu usiku na ya baridi mchana, kwa mipira miwili iliyovishwa povu, hadi kwenye feni-koili mbili, yaani feni zenye koili ya maji, zilizotundikwa chini, zikipuliza hewa kuelekea miguuni ili lile joto la nyuzi 31 lisipande paani. Hapa ndipo hema linalohama linapofaidika zaidi ya jengo. Siku ya kuhama unafungua viungo viwili vya maji, yanadondoka matone, unafunga sanduku, unaondoka. Hakuna gesi iliyofunguliwa, hahitajiki fundi wa gesi, na muuguzi anaweza kufundishwa kwa nusu saa. Na kwa kuwa maji hayagandi Goma, huna haja ya kuweka dawa ya kuzuia barafu kama wanavyofanya kwenye nchi za theluji. Maji safi yaliyochujwa na dawa ya kuzuia kutu yanatosha.

Kuna njia moja ya siri ambayo propani inaweza kuingilia hata hivyo, na wengi huisahau. Kile kibadilishio cha joto cha bamba, pale gesi na maji vinapopishana, kikipasuka, propani itaingia kwenye maji na kusafiri nayo hadi hemani, kisha itatokea kwenye kitoa-hewa cha feni-koili. Dai mashine yenye kitenganishi cha gesi na vali ya usalama upande wa maji, vyote viwe nje, ndani ya sanduku. Hemani usiweke kitoa-hewa cha kujifungulia chenyewe, weka cha kufungwa kwa mkono. Na ijapokuwa gesi iko nje, weka kitambuzi cha propani ndani, sentimita 10 kutoka sakafuni, si ukutani usawa wa macho kama king'ora cha moshi.

Nakuomba pia, kama ndugu, usitie gesi ya kupikia kwenye mashine hizi. Najua vijana wanaifanya kwa sababu mtungi unapatikana dukani na R-290 halisi haipatikani. Gesi ya kupikia ni mchanganyiko na butani, ina unyevu na harufu ya kiberiti, na huchafua mafuta ya kompresa. Jambo la pili ni kinyume cha hilo: R-290 halisi haina harufu. Pua iliyozoea kunusa mtungi wa jikoni haitakuonya. Wala usiitie propani kwenye kiyoyozi cha zamani cha R-22 kwa vile shinikizo linafanana. Swichi na kontakta zake hupiga cheche na hazikujengwa kwa gesi inayowaka.

Mambo ya mwinuko nitayapitia haraka. Feni itasukuma hewa pungufu kwa asilimia 15 hivi kwa uzito, kwa hiyo usichague mashine iliyobanwa sana kwa ukubwa wa koili. Jenereta isiyo na tabo ya kuisukumia injini hewa itapoteza kiasi kama hicho hicho cha nguvu. Na geji yako ya kupimia huanza sifuri kwenye hewa ya Goma, ambayo ni baa 0.85 na si baa 1. Ukisoma jedwali lililoandikwa kwa usawa wa bahari utakosea kama nyuzi moja kwenye uchemkaji wa propani. Kwa anayepima nyuzi tano za joto la ziada, yaani joto ambalo gesi huongeza ikishamaliza kuchemka, kukosea moja ni kukosea asilimia 20. Andika masahihisho hayo kwa kalamu juu ya kioo cha geji.

Umeme: hema likishavishwa, mashine, pampu ya maji na feni vitakula kilowati 0.4 usiku, yaani kilowati-saa 4 hadi asubuhi. Hiyo ni betri moja ya lithiamu ya kilowati-saa 5 na paneli za jua za kilowati 1.5 kutandazwa juu ya kile kivuli cha paa. Mahali ambapo umeme wa Matebe umefika, bora zaidi, ni umeme wa maji. Jenereta ibaki ya akiba. Na kama ni lazima iwake usiku kucha kwa ajili ya oksijeni na taa, kumbuka kwamba zaidi ya nusu ya mazutu inayoichoma hutoka kama joto kupitia rejeta na ekzosi. Kibadilishio kidogo upande wa maji ya rejeta, mabomba mawili hadi kwenye lile tangi la lita 100, na hema litapata joto lake bila kompresa kuwaka. Wazo lile la joto linalotupwa walilolifanyia kazi maabarani ni gumu kwa upande wa kupoza. Kwa upande wa kupasha ni kazi ya siku mbili kwa fundi wa karakana yoyote ya Birere.

Mwisho, mahali pa kuweka. Sanduku la propani na jenereta visiwekwe kwenye shimo wala bonde, hata kama ndipo penye kivuli. Gesi ikivuja inahitaji mteremko wa kuondokea mbali na hema, na kwenye mji wetu bonde huenda tayari lina mwenyeji wake. Nenda alfajiri kabla upepo haujaamka, maana mazuku hukusanyika usiku uliotulia, ukiwa na kipima kaboni dioksidi kilichofungwa kwenye ncha ya fimbo. Usiiname wewe, teremsha fimbo. Tazama kama kuna ndege au mijusi waliokufa, na waulize wazee wa mtaa. Jenereta iliyowekwa kwenye mazuku hukohoa na kuzima bila sababu inayoonekana, na kijana anayeinama kuikagua ndiye huanguka.

Ukinipelekea vipimo vya hema, idadi ya vitanda na aina ya wagonjwa, nitakuhesabia mashine yenyewe. Kama fedha ya shirika inatosha kitu kimoja tu mwaka huu, waambie wanunue kitambaa cha ndani na kivuli cha paa kwanza, halafu pampu ije mwaka unaofuata.